Ndoa za Binti Zetu na Namna Mahakama Inavyoisoma Katiba



Kila mwaka, korosho zinapouzwa mnadani na fedha zinapofika vijijini, makatekista wa vigango vya Masasi na Newala hupokea swali lile lile. Posa imeletwa, binti alishachezwa unyago, ana miaka kumi na mitano au kumi na sita, na baba ameridhia. Je, ndoa hii inaruhusiwa? Jibu linalotolewa barazani ni fupi: sheria inaruhusu, miaka kumi na mitano kwa ridhaa ya baba. Kwa miaka arobaini na mitano jibu hilo lilikuwa sahihi. Tangu tarehe 8 Julai 2016 halitegemeki tena, ingawa hakuna sheria mpya ya ndoa iliyopitishwa na Bunge siku hiyo. Kilichotolewa siku hiyo ni hukumu ya Mahakama Kuu.

Waamini wengi tumezoea kufikiri kwamba Bunge hutunga sheria na mahakama huitumia dhidi ya mkosaji. Iko kazi nyingine ya mahakama, nayo ni kuipima sheria yenyewe. Sheria huwekwa mizani pamoja na Katiba, na ikionekana pungufu hutamkwa kuwa imekiuka Katiba. Ibara ya 64 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema hivyo waziwazi: sheria yoyote inayopingana na Katiba ni batili kwa kiasi inachopingana nayo. Ili kuelewa kilichotokea kwa umri wa ndoa, yatupasa kwanza kuelewa mizani hiyo hufanyaje kazi.

Katiba ya mwaka 1977 ilipoandikwa haikuwa na sura ya haki za mtu ambazo mwananchi angeweza kuzidai mahakamani. Maneno mazuri juu ya utu na usawa yaliwekwa katika utangulizi tu. Haki zenyewe ziliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, nazo zimo katika Ibara ya 12 hadi ya 29. Hata hapo Serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kwanza, hivyo ni mwezi Machi 1988 ndipo mtu wa kawaida alipoweza kwenda mahakamani na kusema, "Sheria hii inavunja haki yangu ya kikatiba." Zanzibar nayo ina Katiba yake ya mwaka 1984 yenye sura yake ya haki. Tafsiri ya Katiba hiyo huishia katika Mahakama Kuu ya Zanzibar na haipandi kwenda Mahakama ya Rufani ya Muungano. Hapa tunazungumzia Katiba ya Muungano, ambayo ndiyo inayotuhusu sisi wa huku.

Shauri la namna hii haliamuliwi na Mahakama ya Mwanzo wala ya Wilaya, iwe Newala au Masasi. Ibara ya 30(3) inalipeleka Mahakama Kuu, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya mwaka 1994 inataka majaji watatu waketi pamoja kuliamua. Hakimu wa chini akiona katika kesi iliyo mbele yake limezuka swali la haki ya kikatiba, na swali hilo si la kupoteza muda, hulipeleka juu. Zaidi ya hapo, Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Kwa miaka mingi ibara hiyo ilimwezesha raia kushitaki kwa ajili ya wengine wasio na sauti. Mwaka 2020 Bunge liliweka sharti kwamba mleta maombi aape kueleza jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na sharti hilo nalo likapingwa mahakamani.

Majaji wakishaketi husomaje? Hawalitazami neno moja pekee. Huisoma ibara katika mwanga wa Katiba nzima, hutazama lengo la waliotunga, na huangalia mikataba ya kimataifa ambayo nchi imeridhia, ili Katiba isifasiriwe kinyume cha ahadi tulizotoa mbele ya mataifa. Mfano wa zamani, ambao bado tunauona kuwa bora, ni wa Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera. Alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akapinga, kwa kuwa mila ya Wahaya iliyoandikwa na Serikali mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote, bila ruhusa ya kuiuza. Mwanamume hakufungwa hivyo. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inabagua, na kwamba mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyo nayo mwanamume.

Wakati huo neno "jinsia" halikuwamo bado katika tafsiri ya ubaguzi iliyo kwenye Ibara ya 13(5). Liliingizwa mwaka 2000. Jaji hakungoja liingizwe. Aliisoma Ibara ya 13 pamoja na Mkataba wa Afrika na mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kisha akatumia sheria ya mpito ya mwaka 1984 inayowataka majaji wazisome sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zipatane na Katiba. Msomaji wa Newala anaweza kutabasamu kidogo, maana kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na habari ya binti kunyimwa ardhi kwa sababu ni binti haisikiki huku kama isikikavyo kwingine. Asiharakishe kutabasamu, kwa kuwa katika jambo la ndoa mizani ile ile inatugusa sisi.

Haki nyingi, hata hivyo, hazikuandikwa bila mipaka. Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kupunguza haki kwa ajili ya haki za wengine, usalama, afya ya jamii na manufaa ya umma. Kwa maoni yetu, mashauri mengi ya haki nchini huamuliwa kwenye ibara hii kuliko kwenye ibara inayotoa haki yenyewe. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani iliweka kipimo chake. Walalamikaji walitaka kuishitaki Serikali, na sheria ikawataka kwanza wapate kibali cha Serikali hiyo hiyo. Mahakama ikasema kwamba sheria inayopunguza haki isiwe ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isipunguze zaidi ya kile kinachohitajika ili kufikia lengo halali. Sheria ya kibali haikupita katika kipimo hicho.

Wakati mwingine kipimo hicho hicho huiacha sheria isimame, hata pale dhamiri ya Mkatoliki inapoumia. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, katika shauri la Mbushuu na mwenzake lililosikilizwa Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye nusu ya njia: ilikiri kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inatweza utu, kisha ikasema inaokolewa na Ibara ya 30(2), na kwamba jamii ndiyo ya kuamua kama inaihitaji. Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisoma Katiba yake na kuiondoa adhabu hiyo. Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017, mahakama za juu zilifuta ulazima wa kumhukumu kifo kila mwuaji. Kwetu kitabu cha sheria kimebaki kilivyokuwa, ingawa tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa. Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso hapa Masasi na mwamini mwenzetu, aliongoza miaka kumi bila mtu yeyote kunyongwa. Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2018 aliibadilisha namba 2267 ya Katekisimu, na sasa Kanisa linafundisha kwamba adhabu hiyo haikubaliki kamwe. Kwa hiyo jambo laweza kuwa limeamuliwa katika mafundisho ya Kanisa huku mahakama ikiwa imeliacha mikononi mwa jamii. Ni vema kulikumbuka hilo kabla ya kuitazama hukumu ya ndoa, ambako mambo yalikwenda kwa njia nyingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliweka miaka kumi na minane kwa mwanamume na kumi na mitano kwa mwanamke. Mahakama iliweza kuruhusu hata miaka kumi na minne kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kilimtaka binti aliye chini ya miaka kumi na minane apate ridhaa ya baba. Mama angeulizwa iwapo tu baba amefariki. (Mjomba, ambaye katika nyumba nyingi za uwanda wa Makonde ndiye mwenye neno la mwisho juu ya posa, sheria hiyo haikumtaja kabisa.) Mapema mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mtetezi wa elimu ya wasichana, alipeleka maombi Mahakama Kuu akisema vifungu hivyo viwili vinakiuka usawa na utu unaolindwa na Katiba. Majaji watatu walikubaliana naye. Waliipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo na kuweka miaka kumi na minane kwa wote wawili.

Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Hoja zake zilikuwa zile zile zinazosikika katika mabaraza yetu, na ndiyo maana zastahili kusikilizwa kwa heshima. Kwamba msichana hukomaa mapema kuliko mvulana. Kwamba sheria ya mwaka 1971 ilitokana na maridhiano ya mila na dini mbalimbali, baada ya wananchi kuulizwa maoni yao. Kwamba ndoa humsitiri binti aliyepata mimba asizalie nyumbani.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilizikataa. Ilisema kwamba kumruhusu msichana wa miaka kumi na mitano aolewe, huku mvulana wa umri huo akilindwa, ni kuwatofautisha watu wawili wanaopaswa kuwa sawa mbele ya sheria, na sababu zilizotolewa hazikutosha kuuhalalisha ubaguzi huo. Ilitazama pia tulikoahidi kwenda kama taifa: Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, unaokataza ndoa chini ya miaka kumi na minane, Itifaki ya Maputo, na Sheria yetu wenyewe ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomwita mtoto kila aliye chini ya umri huo. Maridhiano ya mwaka 1971 yalikuwa na heshima yake katika wakati wake, lakini yalifanywa kabla haki hizi hazijaingizwa katika Katiba.

Tukiitazama hoja ya kusitiri kwa makini, tunaona kwamba anayesitiriwa si binti. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyobadilishwa mwaka 1998, ilisema kumwingilia msichana wa chini ya miaka kumi na minane ni kubaka, hata akiwa ameridhia, isipokuwa awe mke wa mtu huyo na amefikisha miaka kumi na mitano. Maana yake ni kwamba tendo lile lile, kwa binti yule yule, lilikuwa jinai kubwa jioni na tendo halali kesho yake, kwa sababu mahari ilipokelewa katikati. Atakayekataa kuiona shida hiyo katika vitabu vya sheria na aulize wakunga wa vijijini kinachowapata wasichana wa umri huo siku ya kujifungua.

Sasa tunafika kwenye jambo linalowachanganya wengi. Mwaka mmoja uliotolewa ulipita. Serikali ilieleza kuwa inakusanya maoni zaidi, yakiwamo ya viongozi wa dini. Oktoba 2024, miaka mitano baada ya hukumu ya Rufani, kifungu cha 13 kilikuwa bado hakijabadilishwa na Bunge. Ndiyo maana mtu huweza kufungua kitabu cha sheria na kusema, kwa dhamiri safi kabisa, kwamba kumi na mitano bado imeandikwa. Ni kweli imeandikwa. Lakini Ibara ya 30(5) ya Katiba, inayoiruhusu mahakama kutoa muda wa marekebisho badala ya kuifuta sheria papo hapo, inasema pia sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au hadi muda uliowekwa uishe, na muda ulio mfupi zaidi ndio hufuatwa. Kwa usomaji wetu, ukimya wa Bunge haukukipa kifungu hicho uhai mpya. Baba anayekitegemea leo anategemea kifungu ambacho mahakama ya juu kuliko zote nchini imekwisha kukikataa.

Asisahau pia Sheria ya Elimu. Tangu mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka thelathini, na anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo naye ana kosa. Hapo hakuna mjadala wa tafsiri.

Na Kanisa je? Tuseme ukweli wote. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1083, inataka mwanamume awe ametimiza miaka kumi na sita na mwanamke kumi na minne ili ndoa iwe halali. Nayo, kama ile ya mwaka 1971, inatofautisha. Kuna wanaoitumia kanuni hiyo kujitetea mbele ya paroko. Wasomaji hao huishia kwenye mstari wa kwanza. Aya ya pili inawapa maaskofu wa nchi mamlaka ya kuweka umri mkubwa zaidi. Kanuni ya 1071 inamkataza padri, isipokuwa kwa lazima, kusimamia bila idhini ya askofu ndoa ambayo sheria ya nchi haiwezi kuitambua. Na kanuni ya 1072 inawataka wachungaji wawazuie vijana wasifunge ndoa kabla ya umri unaokubalika katika eneo lao. Kiini cha yote ni ridhaa, maana kwa Wakatoliki ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili hao, na ridhaa hiyo hakuna awezaye kuitoa kwa niaba yao, awe baba au mjomba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 29, ulipotaja mifano ya ubaguzi ulio kinyume cha mpango wa Mungu, ulimtaja mwanamke anayenyimwa kumchagua mume kwa uhuru na mwanamke anayenyimwa elimu. Hayo yaliandikwa mwaka 1965, miaka sita kabla ya Sheria ya Ndoa.

Hatusemi kwamba unyago ni adui. Huku kusini mafundisho ya jando na unyago yamewalea watu wengi wema, na katika historia ya Masasi wapo waliojaribu kuyapa roho ya Kikristo badala ya kuyafuta; Askofu Vincent Lucas wa Anglikana anakumbukwa kwa hilo hadi leo. Binti anayefundishwa usafi, heshima na kazi hadhuriki. Tatizo huanza pale ngoma inapokwisha na wakubwa wakaamini kwamba aliyefundwa amekuwa mtu mzima. Makungwi wetu, wengi wao wakiwa akina mama wa jumuiya zetu na hata wa WAWATA, ndio wenye nafasi ya kwanza ya kumwambia binti kwamba aliyoyasikia ni ya kutunza, na kwamba shule inamngoja Januari.

Yuko pia mtu mwingine ambaye hukumu hizi zinamtazama bila kumtaja, naye ni mtunza daftari la ubatizo. Katika familia nyingi za huku mtoto hana cheti cha kuzaliwa, na karatasi pekee inayotaja siku aliyozaliwa ni cheti cha ubatizo. Kanuni ya 877 inaagiza tarehe hiyo iandikwe pamoja na ya ubatizo. Shauri likifika polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani, swali la kwanza ni umri, na karatasi hiyo yaweza kuombwa. Kwa hiyo makatekista waandike tarehe ya kuzaliwa siku ile ile mtoto anapoletwa, kwa wino, wakiwauliza wazazi wote wawili. Na atakayekuja ofisi ya parokia miaka kumi na mitano baadaye kuomba tarehe hiyo isogezwe nyuma kidogo, kwa kuwa mkwe ameshafika, aelezwe kwamba daftari halibadilishwi, kisha paroko ajulishwe siku hiyo hiyo.